Jina Langu Kwenye Kanda ya Wafaransa

Bukoba, nyuma ya mlango wa Deusi

Kabla ya kuona chochote nilisikia pumzi. Nilikuwa nimesimama barazani kwa Deusi, mkono tayari kubisha hodi, na nyuma ya mlango kulikuwa na kitu kikubwa kinachovuta hewa taratibu, kinaiachia, kisha kinavuta tena. Nilidhani rafiki yangu amefuga ng'ombe chumbani. Halafu yule ng'ombe akaanza kuimba, kwa sauti ya mwanamke aliyeamshwa usingizini na wala hajakasirika. Nikafungua mlango bila kubisha. Deusi alikuwa amelala chali sakafuni na viatu vyake miguuni, amefumba macho, na kanda inazunguka kwenye redio.

"Lala," akasema. "Muziki huu hausikilizwi kwa kusimama."

Nikalala. Safari yangu yote ilianzia hapo, sakafuni. Ninaiandika kwa sababu nyinyi rafiki zangu wa Dar mmenitumia barua saba zenye swali moja: kwa nini katika kipande cha sita cha kanda mpya, inapoingia enanga, ile ala ya nyuzi ya kwetu, mzee yule anataja jina langu? Na kwa nini shangazi wa mwenzenu Edita, ambaye ni mtu wa Karagwe, alipokisikia alicheka mpaka akakaa chini?

Kanda ile ya kwanza mnaikumbuka. Tuliinakili na kuinakili mpaka ikaanza kukwaruza. Vijana wawili wa Kifaransa na vinanda vyao vya umeme vya kizamani walitengeneza muziki usiochezeka wala kuimbika kanisani, nasi tuliokuwa tukibishana juu ya riwaya tangu asubuhi mpaka chai ya jioni, ukipigwa huo tulinyamaza kama watu waliomwagiwa maji ya uvuguvugu. Sasa vijana hao walikuwa wakiiandaa upya, kila kipande na mgeni wake. Walikuwa na tabia hiyo ya kukaribisha watu. Mchoraji alichora jalada huku akiwasikiliza. Bibi mmoja wa mtaani kwao alisoma barua ya mumewe juu ya vinanda. Deusi, aliyewahi kusoma huko kwao, aliwatumia mlio wa enanga ya mzee mmoja, alioudaka harusini, na wao wakajibu kwamba wanamtaka mzee huyo na nyuzi zake kwa kipande cha sita.

Mwishoni mwa barua palikuwa na mstari mmoja: *atakayetuletea enanga, kama kweli ni mwandishi, atasoma hadithi yake katika kipande cha saba.*

Niliusoma mstari huo mara nne. Ya tano Deusi akaninyang'anya barua.

Kwa hiyo mjue tangu sasa nilikuwa nikitafuta nini. Sikwenda kwa ajili ya utamaduni, ingawa ndivyo nilivyomwambia kila niliyekutana naye. Nilitaka jina langu liingie kwenye ile kanda.

Kituntu, betri juani

Mzee mwenyewe aliitwa Ta Buberwa, yaani Baba Buberwa, wa Kamuli upande wa Kyerwa, lakini tulisikia kwamba yuko Kituntu kwa binti yake. Nilifika pale saa nne asubuhi na redio begani, betri sita kubwa tumboni mwake. Mkwewe, Anselmi, alinipokea vizuri, akaniletea kibuyu kidogo cha kahawa ya kutafuna.

"Baba mkwe yuko kwa jirani," akasema. "Mchana atakuwa hapa. Tusikilize basi huo muziki wako, mwalimu."

Mimi si mwalimu, lakini huko mtu mwenye miwani na begi hana kazi nyingine. Nikabonyeza. Ile pumzi ikatoka. Anselmi akainamisha kichwa kama daktari anayesikiliza kifua. Mkewe akaja kutoka jikoni, jirani mmoja akaja, wote wakasikiliza kwa huruma inayozidi kuongezeka.

"Pole sana, mwalimu," Anselmi akasema. "Betri zimekufa."

"Hapana, bwana. Ndivyo ulivyo. Ni muziki wa polepole."

"Ndivyo wanavyosema wauzaji." Alikwisha kufungua mgongo wa redio. "Mama, leta jani."

Betri zangu zikalazwa juu ya jani la mgomba, kwenye mkeka wa kahawa iliyoanikwa, katikati ya kahawa. Kila mtu pale alijua betri iliyochoka ikipata jua hurudi kazini. Tuliketi tukala ndizi na maharage, chakula kizuri kuliko nilichostahili. Baada ya saa moja Anselmi akazirudisha. Mwanamke yule kwenye kanda akaimba polepole vilevile.

"Zilichoka sana hizi," mkewe akasema.

"Zilikuwa zimelala upande mmoja," jirani akasema. "Zigeuze."

Nikaenda nyuma ya nyumba kuzigeuza. Mngefanyaje? Nilikuwa nimekula chakula chao. Nikiwa nimeinama pale nikizigeuza moja moja kama mihogo ya kuchoma, mzee mrefu mwenye kofia ya sufi alipita, akanitazama, akaingia ndani, akatoka na kitu kirefu kilichofungwa kwenye blanketi, akaondoka zake. Niliporudi sebuleni nikauliza Ta Buberwa atafika lini.

"Si amepita sasa hivi? Amepata lori la kwenda Chonyonyo, kuna harusi. Aliuliza wewe ni nani, tukamwambia fundi wa redio."

Chonyonyo, harusi iliyokwisha

Nilifika Chonyonyo kesho yake, mzee amekwisha kuondoka alfajiri kurudi kwao Kamuli. Wenye harusi walikuwa wakikunja maturubai. Walinipa rubisi, pombe ya ndizi, ambayo ilikuwa imekaa siku moja zaidi ya inavyotakiwa na hivyo ilikuwa na maoni yake. Nikakaa juu ya kreti, nikawasha kanda ili nisilie mbele za watu.

Mtu aliyekuwa akifunga madumu matupu kwenye baiskeli akasimama kusikiliza. Aliitwa Simoni, mkulima wa Kamuli, aliyeleta pombe ya harusi. Alisikiliza kipande kizima bila kunipa pole ya betri.

"Huu ni muziki wa kulima," akasema.

"Wa kulima?"

"Si wakati wa kulima. Ukimaliza. Ukikaa kwenye mpini wa jembe."

Ningemkumbatia. Katika Dar nzima hakuna mtu aliyeueleza vizuri namna hiyo, na tumeandika makala.

Nikamweleza shida yangu. Simoni akatikisa kichwa. "Ta Buberwa atapiga. Lakini kwanza atakuuliza ukoo wa hao wawili."

"Wafaransa hawana ukoo, Simoni."

"Kila mtu ana ukoo. Wazazi wangu walitoka Burundi na jembe na Biblia, basi. Siku nilipooa mzee akaniuliza: ukoo gani, mwiko wenu nini, mnyama gani hamli, baba yako alifanya jambo gani? Nikamjibu. Akaniimba, mama yangu akalia mpaka wageni wakaogopa. Jirani yangu alijibu 'sijui'. Ana watoto watano sasa, na bado hajaimbwa."

"Kwa hiyo asipojua ukoo hapigi?"

"Atapiga nini? Enanga humpiga mtu. Haipigi hewa."

Njia panda, senene

Lori la ndizi lilitubeba, mimi, Simoni na baiskeli yake, tukiwa tumekaa juu ya mikungu. Nilikuwa na muda wa kutosha wa kuwatungia Wafaransa wangu ukoo. Kutunga ndiyo kazi yangu, nilijiambia, na riwaya yangu ina familia tatu kamili ambazo hazijawahi kuwapo.

Asubuhi hiyo mvua ilikuwa imekatika ghafla. Kwenye kilima kimoja hewa ikageuka kijani. Senene, wale panzi wa kuliwa. Walishuka juu ya majani, juu ya lori, juu ya kofia yangu. Dereva akazima injini katikati ya barabara, akaruka chini na gunia bila kufunga mlango. Nyuma yetu basi likasimama, na kondakta, abiria na mchungaji mmoja mwenye kola nyeupe wakaingia porini wakiwa wameinama. Hakuna aliyelalamika. Hakuna aliyeuliza tutaondoka lini. Tulikaa pale saa mbili na nusu.

Na mimi? Mnanijua. Nyumbani kwetu Bukoba mama alinifukuza jikoni kila mwezi wa kumi na moja. Nilikamata senene mpaka kofia yangu ikajaa, nikaifunga kwa kitambaa, nikaishika kifuani njia nzima. Tuliposhushwa njia panda nikapanda nyuma ya baiskeli ya Simoni, redio mgongoni, kofia mapajani ikichezacheza.

Kamuli, siku ya kwanza

Nyumba ya Ta Buberwa ilikuwa katikati ya migomba, sakafu yake imetandikwa nyasi mbichi zenye harufu nzuri. Mzee alinitambua.

"Fundi!"

"Shikamoo, Ta. Mimi si fundi."

"Marahaba. Ulipona na zile betri?"

Nikaeleza habari yangu yote. Mkewe, Ma Koku, mwanamke mfupi mwenye macho yasiyokosa kitu, akaleta kahawa ya kutafuna. Nikawasha kanda. Ta Buberwa hakusubiri kuambiwa: alijilaza kwenye nyasi, kofia usoni, akasikiliza upande mzima.

"Anselmi ni mjinga," akasema chini ya kofia. "Betri ziko sawa. Wao ndio hawana haraka. Wanajua kuacha nafasi. Watu wengi wakipiga wanajaza kila mahali kama gunia. Hawa wameacha mlango wazi, wanasubiri mgeni aingie."

Akainuka, akaitoa enanga kwenye blanketi: ubao mrefu uliochongwa kama kihori, uzi mmoja umepita juu yake huku na huku mara nane. Akaiweka mapajani. Halafu akauliza, kama Simoni alivyosema:

"Hawa ni wa ukoo gani?"

"Abaparisi," nikasema bila kupepesa macho.

"Baba yao?"

"Alivuka mto mkubwa kwa kuogelea, Ta, kinanda kichwani."

"Mwanamume huyo," Ta Buberwa akasema kwa heshima. "Na mwiko wao ni nini?"

Hapo ndipo nilipojua kwamba juu ya lori nilisahau jambo moja. Nilitafuta mnyama. Ndege. Samaki. Kichwa changu chote kilikuwa na kitu kimoja tu, na kilikuwa kinarukaruka mapajani mwangu.

"Senene," nikasema.

Simoni, aliyekuwa akiegemeza baiskeli mlangoni, akanitazama, akaitazama kofia. Alikuja polepole, akaichukua mikononi mwangu, akaondoka nayo kwake kwa mkewe.

"Mawe, mama wee!" Ma Koku akasema. "Maskini. Na msimu ndio huu."

"Ndiyo, Mama. Ni ukoo wenye mateso."

"Basi na wewe hutaonja humu ndani," akasema. "Aliyetumwa amekaa mahali pa waliomtuma. Tukikulisha wewe mwiko wao, tumewalisha wao. Usiogope mwanangu, nitakulinda."

Kamuli, siku ya pili na ya tatu

Ta Buberwa alisema wimbo wa watu wageni hauchumwi kama ndizi, apewe siku tatu. Siku tatu hizo, rafiki zangu, kijiji kizima kilikaanga. Senene walikaangwa kwa mafuta yao wenyewe, chumvi kidogo na kitunguu. Harufu iliingia dirishani, ikapita kwenye nyasi, ikakaa karibu nami kama mtu. Majirani walikuja kunitazama, wakiwa na viganja vilivyojaa, wakitafuna kwa upole.

"Hata mmoja?" mmoja akauliza.

"Usimjaribu!" Ma Koku akafoka, akanisogezea bakuli la maharage. Kwa ulinzi zaidi alikuwa ameninunulia kijiko kipya na sahani mpya ambazo senene hajawahi kugusa.

Wakati huohuo mzee alikuwa akikitengeneza kile nilichokijia. Nilimsikia chini ya migomba akijaribu: Abaparisi, wana wa mwogeleaji, msiogusa chakula cha kijani. Ilikuwa nzuri mno. Nilijilaza nikiwaza kipande cha saba, sauti yangu juu ya vinanda, na nyinyi wote sakafuni mnanisikiliza.

Siku ya tatu, mchana, Ma Koku akaenda kisimani. Jikoni kikaango kilikuwa juu ya mafiga, na moto umepunguzwa. Mzee nilimwacha uani. Nilijiambia naenda kuangalia moto usizime. Mkono wangu ulijiambia kitu kingine. Nilikuwa nimejaza mashavu yote mawili wakati mlango ulipopata giza.

"Aa, mjumbe," akasema Ta Buberwa, kiko mkononi. "Nimekuja kuchukua kaa la moto. Hebu nitajie tena jina la ukoo wao, nisije nikakosea kwenye mashine."

Nikatikisa kichwa juu na chini.

"Litamke."

Nikaonyesha kidole upande wa Ufaransa.

"Jina, mwanangu. Linaanzaje?"

Nikajaribu. Mguu wa senene ukatoka pembeni mwa midomo yangu na kukaa pale. Mzee akautazama. Mafuta yalikuwa yakinitiririka kidevuni. Ma Koku akatokea nyuma yake na ndoo kichwani, akaona, akapiga ukelele uliowaleta majirani wote.

"Amekula mwiko! Meno yatamng'oka! Leteni mubirizi!"

Kabla sijameza vizuri nilikuwa nimekalishwa kwenye kinu na kikombe cha mubirizi kinywani, yale majani machungu ambayo hata mbuzi huyakataa. Nikanywa. Akanijazia cha pili, cha kuwasafisha wale wawili walioko ng'ambo. Nikanywa na hicho. Alipochota cha tatu kwa ajili ya mwogeleaji, nikaanguka magotini.

"Basi, Mama! Hawana mwiko! Hawana hata ukoo! Nimetunga!"

Ma Koku akaweka kikombe chini taratibu.

"Na yule baba," Ta Buberwa akauliza, "na kinanda kichwani?"

"Sijui kama anajua kuogelea, Ta. Simjui kabisa."

Akachukua kaa lake la moto, akatoka. Nikamsikia akifunga enanga kwenye blanketi.

Kamuli, alasiri

Nilipanga begi langu. Kipande cha sita kilikuwa kimekufa, cha saba pamoja nacho, na kinywa changu kilikuwa kichungu hata nikimeza mate. Nilikuwa navaa viatu Ta Buberwa aliposimama mlangoni.

"Wewe una baba?"

"Ninaye, Ta."

"Anaitwa nani?"

Nikamtajia.

"Ukoo?"

Nikamtajia. Wa kweli. Akaujua, akamjua hata babu yangu aliyewahi kuibiwa ngozi ya ng'ombe akiwa ameilalia.

"Na umetenda jambo," akasema. "Leo, jikoni kwangu, mbele ya mashahidi. Basi wewe unaimbika. Washa mashine yako."

Nikabonyeza kitufe chekundu. Akaketi kwenye nyasi, akapiga polepole, kwa mwendo uleule wa wale vijana, akiacha nafasi walizoziacha wao na kuingia pale walipomwachia mlango. Majirani wakajaa wakimwitikia kwa mguno kila mwisho wa mstari. Mnaotaka kujua anasema nini, ni hivi:

*Projesti, mwana wa Bukoba, wa nyumba iliyoibiwa ngozi imelaliwa,*
*amekuja kwa ajili ya watu wasio na baba, akawapa baba anayeogelea.*
*Mdomo ulisema sili. Mashavu yalisema tumeshiba.*
*Kofia yake ilijaa kabla uongo wake haujajaa.*
*Alikunywa kikombe chake, akanywa cha wenzake;*
*ukweli ulitoka kabla ya kikombe cha tatu.*

Mstari wa kofia, bila shaka, ulitoka kwa Simoni. Alikuwa amekaa mbele kabisa akiitikia kwa nguvu kuliko wote.

Ndicho kipande cha sita mlichokisikia. Wafaransa wameandika kwamba ndicho kizuri kuliko vyote, kwamba wakikisikiliza wanahisi huzuni ya kale ya Afrika. Kuhusu kipande cha saba wameshukuru sana, wakasema kanda imeshajaa.

Kuondoka

Asubuhi yake Ma Koku alinipa kifurushi cha jani la mgomba, cha moto. "Senene hawa ni wa ukoo wako," akasema. "Kula mbele za watu." Nikala pale pale, nimesimama, machozi yananilenga, nao wakanitazama kwa kuridhika.

Simoni alikuwa ameshapanda baiskeli. Ta Buberwa akanisindikiza mpaka kizingitini.

"Ta," nikasema, "kanda ina nafasi upande wa pili. Tungepiga mara moja tu, vilevile, bila jina langu."

"Betri zimechoka," akasema.

"Hazijachoka, Ta."

"Zianike." Akaniangalia kwa muda, kama anavyouangalia uzi kabla ya kuukaza. "Watakuuliza nimeimba nini. Utawaambia?"

"Wafaransa? Nitawaambia, Ta."

"Hao hawanijui wala hawakujui. Nauliza rafiki zako, wanaokuheshimu. Utawaambia yote? Na mashavu?"

Nikatazama viatu vyangu. "Na mashavu."

"Haya," akasema. "Nitasikia." Akafunga mlango.